Bosi wa McDonald's Alipokufa Ghafla, na Karai la Chipsi la Tunduma



Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Kazi ya gazeti haina ratiba, na mji huu wa Tunduma haulali. Leo sina habari ya foleni ya malori wala ya bidhaa za magendo. Leo nataka tupige historia kidogo: historia ya kifo cha bosi mmoja wa vyakula vya haraka, kilichotokea Marekani mwaka 2004, wakati mimi nikiwa bado mtoto wa chekechea. Mtaniuliza, kijana wa Songwe unahusika nini na marehemu wa Marekani? Subirini, nitafika huko. Lakini lazima nianzie hapa nyumbani.

Mwaka jana alifariki muuza chipsi mmoja aliyekuwa na kibanda pembeni ya barabara kuu, kule malori yanakopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Madereva wote walimwita Mjomba, nami nitamwita hivyo hivyo. Kama umewahi kupita Tunduma usiku ukiwa na njaa, inawezekana umekula kwake: chipsi mayai, mishikaki miwili, kachumbari, na pilipili ukitaka. Alipokea shilingi, alipokea kwacha, na dereva aliyekwama siku nne bila fedha alikula kwa deni. Usiku mmoja alifunga kibanda akaenda kulala akiwa mzima. Asubuhi hakuamka. Umri wake haukufika miaka hamsini.

Ndani ya kibanda kile alikuwapo kijana aliyefanya naye kazi kwa miaka sita. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, akimenya viazi kule nyuma. Miaka ya mwisho yeye ndiye aliyesimamia karai, Mjomba akikaa mbele na wateja. Alijua viazi vya mkulima gani vinakunywa mafuta na vya nani havinywi. Alijua dereva gani hulipa akirudi na dereva gani harudi. Daftari la madeni halikuwapo. Daftari lilikuwa kichwa chake.

Basi, kabla hata maiti haijazikwa, maneno yakaanza. Mtu mzima hafi hivi hivi, walisema. Wachache wakalaumu mafuta ya chipsi. Wengi zaidi wakasema kuna mkono wa mtu. Na mtu alipotafutwa, alipatikana wa karibu: yule kijana. Eti alikuwa anakitamani kibanda. Eti alimtilia kitu kwenye chakula. Hapana, alikwenda kwa mganga upande wa pili wa mpaka. Ndugu wa marehemu walikuja kutoka kijijini, wakabeba karai, jiko la gesi na kabati la vioo, wakamwambia kijana asionekane tena pale. Polisi hawakuitwa, kwa sababu hapakuwa na kesi ya kupeleka polisi. Wiki ya tatu kibanda kilikuwa kinauza vocha na kutuma pesa.

Na mimi? Mimi mwandishi mwenye shahada yangu ya chuo kikuu, nilifika pale siku ya pili na daftari mkononi. Swali la kwanza nililomuuliza jirani wa marehemu lilikuwa hili: "Alikuwa na ugomvi na mtu?" Niliuliza kwa sauti, kijana yule akiwa amekaa hatua tano tu kutoka niliposimama. Aliinua uso akanitazama, halafu akainama tena. Habari yenyewe haikutoka gazetini, mhariri alisema muuza chipsi si habari. Lakini macho yale sijayasahau. Ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma habari za watu waliokufa ghafla huku kazi zao zikiwa katikati. Hapo ndipo nilipokutana na Jim Cantalupo.

Wengi wetu hapa tunaifahamu McDonald's kwa sinema tu. Tanzania hatuna mgahawa wao hata mmoja. Barani Afrika walianzia Morocco mwaka 1992, wakaingia Misri 1994, na Afrika Kusini 1995. Lakini huko duniani ni dude kubwa. Mwaka 2004 lilikuwa na migahawa zaidi ya 30,000 katika nchi zaidi ya 100, likilisha watu kwa makumi ya mamilioni kila siku. Mingi ya migahawa hiyo si mali ya kampuni moja kwa moja. Inaendeshwa na wafanyabiashara binafsi waliopewa haki ya kutumia jina, mapishi na utaratibu, nao wanalipa kwa haki hiyo.

James Cantalupo alizaliwa mwaka 1943 pale Oak Park, jirani na jiji la Chicago. Alikuwa mhasibu kwa fani, akaingia McDonald's mwaka 1974 upande wa hesabu. Baadaye akakabidhiwa migahawa ya nje ya Marekani, na ni katika miaka yake huko kwamba nembo ile ya njano ilisambaa duniani: Moscow 1990, Beijing 1992, Casablanca mwaka huo huo. Mwaka 1998 kiti cha mkurugenzi mtendaji kilipokuwa wazi, alipewa mwingine, Jack Greenberg. Cantalupo akavumilia, na mwaka 2002 akastaafu.

Hakukaa sana na kustaafu kwake. Kampuni ilikuwa inaumwa. Ilikuwa imefungua migahawa mingi mno kwa haraka mno, huduma ikawa chafu na ya polepole, na wateja wakaanza kuhama. Robo ya mwisho ya mwaka 2002 ilitangaza hasara, ya kwanza tangu iuze hisa zake kwa umma mwaka 1965. Bodi ikamrudisha mzee. Alianza kazi Januari 2003. Alichofanya hakikuwa uchawi: alipunguza kasi ya kufungua migahawa mipya, akataka ile iliyopo isafishwe na iendeshwe vizuri, akaongeza saladi kwenye orodha ya vyakula. Wateja wakarudi. Hisa ambayo Machi 2003 ilikuwa imeshuka hadi kama dola 12, mwaka mmoja baadaye ilikuwa imepita dola 26.

Sasa tufike siku yenyewe. Jumatatu tarehe 19 Aprili 2004, kampuni ilikuwa na mkutano wake mkubwa pale Orlando, Florida. Maelfu ya wenye migahawa kutoka pande zote za dunia walikuwa wamekusanyika kumsikiliza mtu aliyewarudishia biashara. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, Cantalupo akapatwa na maradhi ya ghafla. Akakimbizwa hospitali, akafariki. Umri miaka 60. Ilisemwa ni mshtuko wa moyo.

Hebu fikiria watu wale wanavyoamka hotelini, wanajiandaa kwenda kumsikiliza bosi, wanaambiwa bosi hayupo tena.

Nimesoma jinsi habari ile ilivyopokelewa, na naona watu waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilikuwa la waliomfahamu: wenye migahawa, wafanyakazi, wasambazaji wa nyama na viazi. Hao waliomboleza kweli kweli, maana kwao alikuwa fundi aliyewanasua kwenye matope. Kundi la pili ni watu wa fedha. Soko la hisa la New York lilipofunguliwa siku ile, hisa ya kampuni ikashuka, lakini si kwa kishindo. Asilimia chache tu. Kwa nini si kwa kishindo, nitaeleza.

Kundi la tatu ndilo lililonigusa mimi. Ni wale waliocheka. Bosi wa hamburger kafa kwa moyo! Kumbe alikula bidhaa yake mwenyewe! Utani wa namna hiyo ulizagaa, na hata wasiotania waliuliza swali hilo hilo kwa adabu. Wakati wenyewe ulichochea. Januari ya mwaka ule, kwenye tamasha la Sundance, Morgan Spurlock alikuwa ameonyesha filamu yake Super Size Me, ambamo alikula McDonald's tu kwa siku 30 na kujirekodi anavyonenepa. Machi kampuni ikatangaza kuwa inaondoa vile vipimo vikubwa kupita kiasi. Filamu ilikuwa inasubiri kuingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwezi Mei. Cantalupo akafa katikati ya mambo hayo, na kifo chake kikageuzwa ushahidi.

Sasa, sisemi kwamba mafuta na chumvi ni chakula cha malaika. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kuua watu duniani, na mlo ni mojawapo ya sababu. Hilo ni la watu wengi wakihesabiwa pamoja. Lakini ukichukua mtu mmoja, mwanamume wa miaka 60, huwezi kusema kwa uhakika kilichosimamisha moyo wake ni sahani fulani. Kuna urithi wa ukoo, kuna shinikizo la damu, kuna uchovu, kuna umri. Spurlock mwenyewe alifariki Mei 2024 akiwa na miaka 53, kwa saratani. Tumcheke na yeye? Hapana. Kifo cha mtu mmoja ni shahidi dhaifu sana mahakamani.

Na hapa nikakumbuka kitu kutoka kwetu huku Nyanda za Juu Kusini. Katika miaka ya 1930 mtafiti Monica Wilson aliishi kwa majirani zetu Wanyakyusa, kule Rungwe, akaandika juu ya maisha yao. Aliandika kwamba waliamini mchawi ana chatu tumboni, na kwamba ilikuwapo desturi ya kupasua maiti ili kutafuta dalili za uchawi ndani. Wasomi wa leo wakisoma hayo hutikisa kichwa. Lakini nawaulizeni, wadau: Wamarekani mwaka 2004 walifanya nini tofauti? Nao walimpasua Cantalupo tumbo kwa maneno, wakatafuta hamburger ndani. Sisi tunatafuta mkono wa mtu, wao wanatafuta mkono wa chakula. Hamu ni ile ile: kifo cha ghafla hakivumiliki mpaka kipate mkosaji.

Tofauti ni kwamba hamburger ikishitakiwa haiumii. Mtu huumia. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928, enzi za Waingereza, na bado katika mikoa yetu watu wameuawa kwa tuhuma za maneno matupu. Kijana wa karai hakupigwa, nashukuru Mungu. Aliondoka na begi moja.

Nirudi Orlando, maana huko kulikuwa na jambo jingine ambalo vicheko vililifunika. Wakati watu wanauliza kilichomuua Cantalupo, bodi ya wakurugenzi ilikuwa inauliza swali tofauti: leo nani anasimama jikoni? Na jibu walikuwa nalo. Walikutana kwa simu, na kabla ya mchana kufika walikuwa wameshamtangaza mkurugenzi mtendaji mpya, Charlie Bell. Andrew McKenna akachukua uenyekiti wa bodi. Saa chache tu tangu mtu akate roho! Ndiyo sababu hisa haikuporomoka. Watu wa fedha walipotazama walikuta kiti hakiko wazi.

Usidhani ilikuwa bahati. Cantalupo alipokubali kurudi kazini, Bell aliwekwa kando yake tangu mwanzo kama rais wa kampuni na msimamizi wa uendeshaji wa kila siku. Kila mtu aliyekuwa na macho alijua ndiye mrithi. Linganisha na kampuni ya Wendy's, ambao nao wanauza hamburger. Bosi wao Gordon Teter alifariki ghafla Desemba 1999 akiwa na miaka 56. Iliwachukua miezi kadhaa kumtangaza mtu wa kudumu, Jack Schuessler, mwezi Machi 2000. Kampuni haikufa, ila miezi ni mirefu kwa mtu anayesubiri kujua kesho anafanya kazi kwa nani.

Sasa Charlie Bell alikuwa nani? Hapa ndipo niliposimama kusoma nikatoka nje kuvuta hewa. Bell alikuwa mtoto wa Sydney, Australia. Alianza kazi McDonald's mwaka 1976 akiwa na miaka 15, kwenye mgahawa wa mtaa wa Kingsford, kazi za vijana: kufagia, kuosha, kukaanga. Akiwa na miaka 19 alikuwa tayari meneja wa mgahawa. Akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akaongoza Australia nzima, halafu akavuka bahari. Alikuwa na miaka 43 alipokabidhiwa kampuni ile asubuhi ya msiba, akiwa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kuiongoza.

Miaka 15. Kijana wetu alianza na 16.

Wala Bell hakuwa peke yake. Kampuni ile ina historia ya kuwapandisha watu kutoka jikoni. Ndugu wawili McDonald ndio waliobuni mtindo wa jiko la haraka pale San Bernardino, California, mwaka 1948. Ray Kroc akaja na kuugeuza mtindo huo kuwa himaya, akawanunua ndugu wale mwaka 1961. Mwaka huo huo wakaanzisha chuo chao cha kufundisha mameneja, wakakiita Hamburger University. Watu walicheka jina, lakini kilifundisha kweli. Kroc alipofariki Januari 1984 kampuni haikuyumba, kwa sababu Fred Turner, aliyeanza naye miaka ya 1950 akigeuza nyama kwenye kikaango, alikuwa ameshaiongoza kwa miaka. Kwa hiyo yaliyotokea Orlando asubuhi ile yalikuwa yameandaliwa kwa nusu karne.

Historia lakini haina huruma. Wiki mbili tu baada ya kukabidhiwa kiti, Bell aligundulika ana saratani ya utumbo mpana, akafanyiwa upasuaji mwezi Mei 2004. Aliendelea kufanya kazi akiwa kwenye matibabu mpaka Novemba, akajiuzulu, akarudi kwao Sydney, na Januari 2005 akafariki akiwa na miaka 44. Kampuni moja, wakuu wawili, miezi tisa. Waliocheka mwezi Aprili wakawa na nafasi ya kucheka tena, lakini naona safari hii sauti zilikuwa chini. Ni vigumu kumcheka kijana aliyeanza na ufagio.

Akaingia Jim Skinner, naye aliyeanza mwaka 1971 kama meneja mwanafunzi wa mgahawa, mtu asiye na shahada ya chuo. Aliiongoza mpaka 2012, na inaelezwa kwamba jambo alilolishikilia sana ni kila mkubwa kutayarisha watu wawili wanaoweza kuchukua nafasi yake. Ukishazika wakuu wawili ndani ya mwaka mmoja, huhitaji mtu akufundishe somo hilo.

Labda mtasema, hayo ni ya Wazungu na kampuni zao zenye bodi. Haya, tuje kwetu. Mwaka 2019 Afrika Mashariki ilipata misiba miwili mikubwa ya watu wa biashara ndani ya miezi miwili.

Tarehe 2 Mei 2019 alifariki Dk. Reginald Mengi, akiwa Dubai. Huyu hahitaji utangulizi. Mtu aliyeanza na kuunganisha kalamu za wino, akaishia na ITV, Radio One, magazeti, na kiwanda cha Bonite kule Moshi kinachojaza soda za Coca-Cola na maji ya Kilimanjaro. Nchi ilisimama. Viongozi walimlilia, na watu wenye ulemavu, ambao kwa miaka mingi aliwaalika kula naye, walimlilia zaidi. Aliagwa Karimjee, Dar es Salaam, akazikwa kwao Machame. Hapakuwa na utani hata kidogo. Tulimlilia kama baba, na labda hapo ndipo ugumu ulipo: baba hana mrithi kazini, baba ana warithi nyumbani. Suala la mali likafika mahakamani, na mwezi Mei 2021 Mahakama Kuu ikaukataa wosia uliowasilishwa kuwa ni wake. Siingii ndani ya nyumba ya watu. Nasema tu kwamba hata kwa mtu mwenye akili ya biashara kama yule, swali la nani anashika nini lilibaki wazi baada ya kaburi kufunikwa.

Tarehe 1 Julai mwaka ule ule, Nairobi, akafariki Bob Collymore, mkurugenzi mtendaji wa Safaricom. Kifo chake hakikuwa cha ghafla kabisa, maana alikuwa ameugua saratani ya damu na dunia ikajua. Kenya ilimlilia kwa namna ambayo mabosi wa kampuni hawaliliwi kwa kawaida. Lakini siku iliyofuata tu, bodi ikamtangaza Michael Joseph, aliyewahi kuiongoza kampuni hiyo kabla, ashike usukani kwa muda. Oktoba wakamtaja Peter Ndegwa, akaanza kazi Aprili 2020. Katikati ya hayo yote, mama wa sokoni Kisumu alituma M-Pesa yake kama kawaida. Kwa hiyo si kweli kwamba sisi Waafrika hatuwezi. Tunaweza. Tatizo ni kwamba tumeliacha jambo hilo kwa makampuni makubwa, tukidhani kibanda hakihitaji mrithi.

Tunduma ni mji wa vibanda. Tumepata mkoa wetu wa Songwe mwaka 2016, tumepata kituo cha pamoja cha forodha ambacho marais wa Tanzania na Zambia walikizindua Oktoba 2019, reli ya TAZARA inapita hapa tangu miaka ya 1970. Lakini pesa ya mji huu inazunguka mikononi mwa watu kama Mjomba: mama lishe, wabadilisha kwacha, mafundi wa matairi, wauza mchele. Kila mmoja wao ana kijana kando yake anayejua kila kitu na ambaye hana karatasi hata moja inayomtambua. Mwenye kibanda akilala asiamke, elimu yote ya kijana yule inageuka ushahidi dhidi yake. Alijua siri za marehemu. Alishika chakula chake. Alijua pesa ilipo. Yale yale yaliyomfanya Charlie Bell aonekane anafaa kurithi ndiyo yaliyomfanya kijana wetu aonekane muuaji.

Nisieleweke vibaya. Ndugu wa Mjomba walikuwa na haki yao. Kuna mjane, kuna watoto wa shule, na karai lilikuwa mali halali ya marehemu. Lakini karai lile liko kijijini sasa, na nimeambiwa wanalitumia kwenye sherehe. Kama Mjomba angetamka mbele ya watu watatu tu kwamba mimi nikiondoka huyu aendelee, na kila wiki apeleke kiasi fulani nyumbani kwangu, mjane angekuwa na kipato, kijana angekuwa na kazi, na madereva wangekuwa na pa kula. Na madeni yale yangelipwa, maana aliyeyajua angekuwapo kuyadai. Maneno ya dakika tano tu. Hayakusemwa, kwa sababu kwetu mtu akianza kutaja kifo chake anaambiwa anajiombea.

Mwezi uliopita nilivuka upande wa Nakonde kufuatilia habari ya bei za mahindi. Nikasikia harufu ya viazi, nikageuka. Yeye. Ana sufuria, hana karai. Ana meza ya mbao, hana kabati la vioo. Lakini foleni alikuwa nayo, madereva wa Kitanzania watatu na Mkongo mmoja. Nilisubiri zamu yangu, nikanunua chipsi kavu, nikamwomba radhi kwa swali lile la siku ile. Alisema amesahau. Najua hakusahau, ila ni kijana mwenye adabu. Akaniongezea kachumbari.

Pembeni yake alikaa mtoto wa jirani, umri kama miaka kumi na nne hivi, siku ya Jumamosi, anamenya viazi. Nikaona nimepata nafasi ya kutumia usomi wangu. Nikamweleza habari za Orlando, za Cantalupo, za Bell na ufagio wake. Alisikiliza huku akigeuza chipsi. Nikamuuliza, "Na wewe, ukilala usiamke, nani atawasha jiko?"

Akasimamisha kijiko hewani. "Kaka," akaniambia, "usiniletee mkosi kwenye biashara."

Wote tukacheka, hata yule Mkongo. Lakini nilipokuwa naondoka nilimsikia anamwita mtoto, anamwonyesha namna ya kujua mafuta yamepata moto: unatupa kipande kimoja cha kiazi, unasikiliza.

Nawatakia wiki njema, wadau. Mwenye kibanda na aseme neno.

Wasalaam.